Mstari wa Saba

Mwalimu mpya alipoingia darasani, Dinah aliangusha kalamu makusudi, akainama kuiokota, na hakuinuka tena.

Alibaki kule chini kati ya miguu ya madawati, magoti yake ya miaka arobaini na tisa yakilalamika. Akaona viatu vya mwalimu vikipita kuelekea ubaoni: viatu vyeusi vilivyong'arishwa, kisigino cha kulia kimelika upande. Viatu hivyo alivijua. Mwaka juzi, siku ya mahari, viliingia nyumbani kwake Naitiri, naye akavitazama kutoka jikoni kupitia mwanya wa mlango, maana zaidi ya viatu hakutakiwa kutazama kitu.

"Hamjambo?" sauti ikasema. "Mimi naitwa Mwalimu Wekoye. Mwalimu Waithaka amestaafu. Kuanzia leo, kila Jumamosi nitatoka Bungoma kuja hapa Kitale kuwafunza hesabu, mpaka mfanye mtihani wenu."

Mungu wangu! Ni yeye. Wekoye, mume wa Rosaline, binti yake wa kwanza.

"Mama Rosa," Jerop akanong'ona kutoka juu. Jerop alikuwa jirani yake wa dawati, na kazini pia. "Umepoteza nini huko?"

"Nyamaza."

"Ati?"

"Nyamaza, bana! Huyo ni mkwe wangu."

Jerop akafunika mdomo kwa kitabu. Si Mbukusu, lakini ameishi na Wabukusu miaka mingi, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Dinah akajitanda leso kichwani mpaka usoni, akatambaa kwa magoti na viganja hadi mlango wa nyuma, akatoka. Wanafunzi wenzake kumi na wanane, watu wazima wenye ndevu na wajukuu, walimwangalia akipita miguuni pao. Mmoja akacheka. Nje akajipangusa vumbi, akatembea haraka bila kugeuka. Kitabu chake alikiacha juu ya dawati.

Sasa kwa asiyejua, na nieleze, kabla hujasema mwanamke huyu ana wazimu. Kwa Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaketi chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja wao hutafuta kichaka. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, lakini ni heshima inayokaa nyumba moja na aibu, chisoni kama wanavyoiita wenyewe, na anayeivunja hujulikana kijiji kizima kabla jua halijatua. Siku hizi wako wanaosema wameokoka, wakasalimiana na wakwe zao peupe.

"Si hata wewe umeokoka?" Jerop alimwuliza Jumatatu iliyofuata, wakiwa kazini.

"Nimeokoka. Lakini niliyeokoka ni mimi. Boma halijaokoka."

Tena ingekuwa mila peke yake, pengine angetafuta njia. Kulikuwa na jambo lingine, na hilo ndilo lililomchoma. Siku ile ya mahari Rosaline alimfuata jikoni, akamshika mkono. "Mama, baba ya Wekoye alikuwa hedimasta. Hawa watu wote ni walimu. Wakiuliza ulisomea wapi, wewe nyamaza tu. Wacha Ankol aseme." Na kweli Ankol, shemejiye Dinah, akasema. Alisimama mbele ya wageni akatangaza kwamba mama wa binti alifika kidato cha pili, ila karo ndiyo iliyomkwamisha. Wageni wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Dinah aliendelea kusonga ugali huku masikio yakimwaka moto. Ukweli ni kwamba aliachia darasa la tatu, akafungiwa mdogo wake mgongoni awe yaya, na habari za shule zikaishia hapo.

Uongo wa Ankol haukumuumiza sana. Shemeji huyo hudanganya hata akiulizwa saa. Kilichomuumiza ni mkono wa Rosaline, jinsi ulivyombana kwa hofu. Mtoto wake wa kumzaa alikuwa anamwonea aibu.

Na sasa Wekoye ndiye aliyeshika rejista. Mwalimu Waithaka alikuwa mtu wa kuandika kila kitu: jina, nambari ya kitambulisho, darasa la mwisho kusoma. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini Dinah hakujua inaweza kuwa fupi hivyo. Akaacha shule. Jumamosi mbili zikapita bila kukanyaga kule.

Kazi yake ilikuwa kuchambua mbegu. Katika ghala moja pembeni mwa Kitale, wanawake ishirini na wanne huketi kwenye meza ndefu, na mbele yao humiminwa mahindi. Kiganja kinatawanya, jicho linachagua, kidole kinafukuza: iliyooza, iliyovunjika, iliyotobolewa na fukusi. Nzuri zinaingia kwenye ndoo. Dinah alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na tisa, na angeweza kuimba wimbo mzima wa kanisa, na kiitikio chake, bila kidole kukosea punje moja. Magunia yakishajaa huyapanga wenyewe, safu sita kwenda juu. Si zaidi. Kuna mwaka safu ya saba ilianguka ikamvunja mtu mguu, na tangu hapo Bwana Kibe, msimamizi wao, alikuwa na wimbo mmoja tu: "Sita! Mwisho sita! Ya saba inaua mtu!"

Jumanne moja Bwana Kibe akasimama kichwani mwa meza, akakohoa.

"Akina mama, Januari mashine inakuja. Inachambua yenyewe. Hizi meza zitatolewa."

"Na sisi tutatolewa na meza?" mmoja akauliza.

"Kuna nafasi kwa chumba cha kuotesha mbegu za majaribio. Lakini huko ni kuhesabu na kuandika, kwa hivyo wanataka cheti. Hata cha ngumbaru, hii shule ya watu wazima, ni sawa, bora kiwe cha daraja la pili. Asiye nacho..." Akakuna shingo. "Tutaagana vizuri. Tutanunua soda, tupige picha."

Dinah akaitazama mikono yake. Mumewe alishafariki. Shamba la Naitiri lilirudi kwa Ankol, na anayerudi kwa Ankol hurudi kama mgeni. Hakuwa na mahali pengine pa kupeleka mikono ile, na mtihani wa darasa lao wa kupata cheti hicho ulikuwa umebakiza miezi miwili.

"Utarudi darasani," Jerop akamwambia wakati wa chakula.

"Siwezi kuketi mbele ya Wekoye."

"Mama Rosa, mficha uchi hazai. Kama huwezi kukaa mbele yake, si ukae nyuma ya ukuta?"

Hivyo ndivyo Dinah alivyoanza kusomea nje. Chini ya dirisha la darasa, chumba cha kuazima uani mwa kanisa, palikuwa na jiwe kubwa, akalifanya dawati. Jerop alimweleza mwalimu kwamba kuna dada mmoja anaitwa Chepkosgei, ana kikohozi kibaya, anaogopa kuambukiza wenzake, ataomba asikilizie huko nje. Mwalimu akafungua rejista, akaifunga tena. Kisha akasema, "Sawa. Akae huko huko. Nitaongea kwa nguvu." Na kweli akaongea kwa nguvu, utadhani anahubiri sokoni Chwele siku ya soko. Tena kila mara alisimama akiwa ameligeuzia dirisha mgongo. Dinah alishukuru Mungu kwa bahati hiyo.

"Leo ni namba tasa!" sauti ilitoka dirishani. "Namba tasa ni ile haigawanyiki na ingine yoyote, isipokuwa moja na yenyewe. Mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja. Namba zingine zote zimejengwa na hizi. Kazi yenu ni kubomoa nyumba mpaka mfikie matofali. Sitini: gawa kwa mbili, unapata thelathini. Tena kwa mbili, kumi na tano. Sasa mbili imekataa, jaribu tatu. Unabaki na tano, na tano yenyewe ni tasa. Umemaliza!"

Dinah hakuona ubao. Lakini mfukoni mwa aproni yake hapakukosekana punje za mahindi, zile zilizokataliwa mezani. Akazitoa, akahesabu kumi na mbili, akazipanga juu ya jiwe. Zikakubali mistari miwili ya sita sita. Zikakubali mitatu ya nne nne. Akaongeza punje moja, zikawa kumi na tatu, na papo hapo zikagoma. Mistari miwili, moja inabaki. Mitatu, moja inabaki. Minne, vile vile. Hazikutaka kitu ila kukaa mstari mmoja mrefu peke yao.

"Kumbe ni hivyo tu!" akasema kwa sauti, kisha akakumbuka kukohoa.

Wiki zikaenda. Jerop alipeleka daftari la Chepkosgei mezani kwa mwalimu na kulirudisha, na maswali yakawa marefu. Jumamosi moja walipewa kumi. Dinah aliyafanya kwa jasho, punje zikijaa jiwe zima na kumwagika kwenye nyasi. Daftari liliporudi lilikuwa na vema sita na mikasi minne, myekundu, mikubwa. Sabini na saba, kosa. Tisini na moja, kosa. Mia moja kumi na tisa, kosa. Mia moja thelathini na tatu, kosa. Zote nne aliziandikia "tasa".

Akahisi uso ukimchemka, ingawa hapakuwa na wa kumwona ila mbuzi wa kanisa. Mwanamke mzima, nyanya wa mtu kesho kutwa, anakosolewa kwa kalamu nyekundu na mume wa mtoto wake! Akataka kulichana lile daftari. Ndipo akaona mstari mdogo chini ya kosa la nne: *Kwa nini unaishia sita?*

Alishtuka. Amejuaje? Akashika penseli, akaandika polepole, herufi moja moja: *Kazini magunia ni safu sita. Ya saba inaanguka inaua mtu.* Aliposoma alichoandika aliona upumbavu wake waziwazi, lakini Jerop alikuwa ameshalichukua daftari.

Jibu lilirudi kabla kipindi hakijaisha. *Namba si magunia. Panga mstari wa saba. Hautaua mtu.*

Dinah akahesabu punje tisini na moja. Mistari sita, kumi na tano kila mmoja, na moja ikabaki nje. Hapo mkono ukasimama wenyewe kwa mazoea. Akatazama huku na huku kana kwamba Bwana Kibe yuko karibu, kisha akazivuruga, akaanza upya, saba. Kumi na tatu. Kumi na tatu. Kumi na tatu. Mstari wa saba ulipojaa, jiwe lilikuwa limebaki tupu pembeni, hakuna hata punje moja iliyokosa nafasi. Akacheka peke yake kama msichana.

"Huyu dada yetu wa nje, Chepkosgei," sauti ikasema ndani, "mumpigie makofi!"

Wakampigia. Na kicheko kikamwisha. Kusifiwa kwa jina la uongo ni kama kuvaa nguo ya kuazima: inakupendeza, lakini macho yako yako njiani, ukiogopa mwenyewe atapita. Siku ya mahari walimpa kidato ambacho si chake. Sasa amejipa na jina ambalo si lake. Kwani yeye Dinah alikuwa na ubaya gani hata kila mtu, naye mwenyewe akiwemo, akaona heri afichwe?

Fomu za mtihani zilipokuja, Jerop hakumbembeleza. "Cheti cha Chepkosgei utampelekea Kibe aje? Andika jina lako." Akaandika. Jina, kitambulisho, darasa la tatu. Jerop akaipeleka ndani, naye Dinah akakaa kwenye jiwe akingoja mbingu ziporomoke. Fomu ilirudi na sahihi ya mwalimu, bila neno lolote. Mtihani ungefanywa Bungoma, kwenye kituo kikuu cha kanisa lililodhamini masomo yao.

Jioni hiyo akampigia Rosaline. Alimweleza yote bila kupamba.

"Mama, ngumbaru? Na ni Wekoye anafunza?"

"Sijakaa mbele yake hata siku moja."

"Lakini atajua. Baba yake mpaka leo huambia watu ati mama ya Rosaline ni mtu wa shule. Mama, tafadhali. Ngoja mwaka ujao, huenda watampeleka Wekoye kwingine."

"Mwaka ujao meza zitakuwa zimetolewa."

"Basi fanya vile unaona," Rosaline akasema, akakata simu.

Dinah akakaa kitandani na simu mapajani. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira angepata nafuu.

Siku ya mtihani ukumbi wa Bungoma ulijaa watu wazima sitini waliovaa nguo za Jumapili. Mbele palikuwa na meza, na mezani aliketi Madam Cherop, msimamizi wa mtihani, mama mnene wa Cheptais mwenye miwani shingoni. Walimu wa vituo waliketi ukutani, nyuma yake. Dinah alikuwa amepanga vizuri: angeingia wa mwisho, akae nyuma kabisa, leso usoni. Lakini mipango ni yetu, na mambo yana wenyewe.

"Mwaka jana mtu alituma dada yake amfanyie mtihani," Madam Cherop akatangaza. "Kwa hivyo leo nikiita jina lako, unakuja hapa, unanionyesha kitambulisho, unasema darasa la mwisho kusoma, na mwalimu wako anasimama aniambie kama anakujua. Sitaki mchezo."

Dinah akaushika mkono wa Jerop. "Narudi nyumbani."

"Nyumbani gani?" Jerop akauliza.

Walipoliita jina lake miguu ilikwenda yenyewe. Akasimama mbele ya meza, macho kwenye sakafu ya saruji. Pembeni mwa macho akaviona vile viatu vikisimama, kisha vikageuka, ncha zake zikaelekea ukutani.

"Mwalimu Wekoye, huyu ni mwanafunzi wako?"

"Ni wangu, Madam."

"Mbona unaongea na ukuta? Si umwangalie?"

"Siwezi. Huyo ni mama ya bibi yangu."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Bungoma ni Bungoma. Hapakuwa na haja ya kutafsiriana. "Woi!" mzee mmoja akasema, na bibi mmoja wa mstari wa mbele akajifunika uso kwa niaba ya wote wawili. Dinah alitamani saruji ipasuke immeze. Kama kuna aibu kubwa kuliko kusimama hivyo, na Mungu amsamehe, hakuijua.

Madam Cherop akavaa miwani, akaivua. "Sasa utanithibitishia vipi mtu ambaye humwangalii?"

"Mwandiko wake naujua," Wekoye akauambia ukuta. "Saba yake anaikata na kamstari katikati. Nimemfunza miezi miwili kupitia dirisha. Wengine wakichoka na namba, wanaandika tasa. Huyu alikuwa anaishia sita. Siku hizi haishii mahali, Madam. Anapanga mpaka zikubali."

Dinah akayarudia maneno hayo moyoni. Kupitia dirisha. Miezi miwili. Kumbe ule mgongo haukuwa bahati!

"Haya," Madam Cherop akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mama, darasa la mwisho kusoma?"

Akamfikiria hedimasta. Akaufikiria mkono wa Rosaline. Kidato cha pili kilikuwa pale mdomoni, kimekaa tayari, kimezoea njia.

"La tatu."

"Sisikii."

"Darasa la tatu, Madam. Sikuendelea."

Hakuna aliyecheka. Wekoye hakugeuka. "Iko hivyo kwa rejista," akasema. "Niliisoma siku ya kwanza." Kisha akatembea ubavu ubavu, uso ukiwa bado ukutani, hadi mlangoni, akatoka nje ili mama mkwe wake apate kukaa ndani.

Maswali matatu ya kwanza Dinah aliyasoma mara mbili mbili. La nne akalifanya mara moja. Punje hazikuruhusiwa humo, lakini baada ya miezi miwili alikuwa nazo kichwani. Swali la tisa liliuliza vigawo tasa vya mia mbili ishirini na moja. Mbili, hapana. Tatu, hapana. Tano, hapana. Saba akaipanga hadi mwisho, zikabaki nne. Kumi na moja, ikabaki moja. Kando yake Jerop alikuwa ameandika "tasa" zamani na kufungua ukurasa. Dinah akaona aibu ya kuchelewa, kisha akaiacha ipite, akajaribu kumi na tatu.

Saa nane mchana alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya duka la saruji, akimngoja Jerop aliyekwenda kutafuta sukumawiki ya bei nafuu. Nyumba ya Rosaline ilikuwa dakika kumi kwa miguu kutoka hapo, na hakuweza kwenda, kwa kuwa mwenye nyumba, mkwe wake, atakuwa amerudi. Simu ikalia.

"Mama."

"Mm."

"Wekoye amefika. Ameniambia."

"Nilisema la tatu," Dinah akasema. "Mbele ya watu. Nisamehe, Rosa. Nimekuaibisha."

"Mama, usiseme hivyo." Rosaline alikuwa analia. "Anasema alijua tangu mwanzo. Anasema hakuniambia kwa sababu aliona mwenye kuogopa ni mimi. Hata baba yake akijua, anasema si kitu. Mama, ni mimi nilikunyamazisha. Ni mimi."

Dinah alitaka kumwambia si neno, yamepita. Ndivyo mama husema. Lakini siku hiyo alikuwa ameshasema ukweli mmoja, na wa pili ulifuata wenyewe.

"Ni wewe," akasema. "Na iliniuma."

Wakalia, kila mtu na kilio chake. Mkokoteni wa saruji ukapita. Kisha Rosaline akapenga kamasi.

"Yuko hapo nje kwa kiti. Chakula amekataa. Anasema nikuulize, ati swali la tisa uliandika nini?"

"Kumi na tatu mara kumi na saba."

"Anasema kumi na tatu mara kumi na saba!" Rosaline akapaza sauti upande wa pili. Halafu Dinah akasikia mwanamume akipiga ukelele mbali, na kitu kizito kikibwagika.

"Ameangusha kiti," Rosaline akasema, akicheka na kulia pamoja. "Ati wote ameuliza njiani wameandika tasa. Mama, hata mimi na fomu foo yangu ningeandika tasa. Ulijuaje?"

Dinah akahamisha simu sikio la pili.

"Uko na kalamu hapo?"

"Ngoja."

Akasikia droo ikivutwa, vijiko vikigongana, karatasi zikipekuliwa haraka haraka.